Naomba Cheti cha Jua

Bujiku Masele,
Nyuma ya mashine ya kukoboa,
Ngokolo, Shinyanga.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Tamasha la Pamba na Dhahabu.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA CHETI CHENYE MHURI, KUTHIBITISHA KWAMBA NILIHAMA UPANDE KWA SABABU YA JUA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, na kichwa changu mimi nacho chahusika, kwa kuwa ndicho nilichobebea kiti.

Natumaini wewe na wajumbe wako mmeshapumzika, spika zimerudishwa kwa wenyewe na sauti zenu zimerudi. Hapa kwangu kuna sauti moja ambayo haijarudi hadi leo, nayo ni ya mke wangu, Mama Loveness. Tangu jioni ya tamasha hajanisemesha. Chakula ananitengea, nguo ananifulia, lakini akitaka nijue jambo anaiambia sufuria. Juzi aliiambia sufuria kwamba chumvi imekwisha, nami nikaenda dukani. Niliporudi na chumvi, sufuria ikashukuriwa.

Nijitambulishe kidogo, usije ukadhani unaandikiwa na mtu wa pombe. Ujana wangu niliumalizia Geita kwenye mashimo ya dhahabu, kisha nikahamia kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, ambako niliacha sehemu ya masikio yangu. Sasa niko Ngokolo natengeneza baiskeli, na ni katibu wa jumuiya yetu ya kanisa. Sina kesi popote. Ninachokipenda siku hizi ni kimya, na hiki cha Mama Loveness kimenishangaza, maana sikujua kwamba kuna kimya chenye kelele namna hii.

Kilichoniponza ni bango lenu. Lilibandikwa kwenye ukuta wa mashine ya kukoboa, mahali ninapopita kila siku, likasema: "Burudani ya Mchana, Bure Kabisa, Njoo Upumzike." Yale maonyesho yenu ya usiku ya tiketi hayanihusu, hayo ni ya watu ambao magoti yao bado yana waranti. Lakini neno "upumzike" lilinigusa. Nikapanga mchana wangu kwa unyenyekevu: kiti changu cha plastiki chekundu, chupa ya maji, karanga za kukaanga, nikae, nisikilize kidogo, nisinzie kidogo, nirudi nyumbani kabla ng'ombe hawajarudi zizini. Sikuwa na nia ya kumshabikia wala kumuudhi mtu yeyote. Huo ndio moyo niliotoka nao nyumbani, na naomba uandikwe hivyo kwenye cheti.

Sasa niruhusu nieleze jambo ambalo nadhani Kamati yako haikulijua, maana nasikia wengi wenu mmetoka Dar es Salaam. Huku usukumani ngoma zina vyama viwili, Wagika na Wagalu, tangu enzi za mababu. Wakikutana, wanacheza kwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, kila chama upande wake. Hakuna jaji, hakuna kadi, hakuna kupiga simu kuchagua. Upande uliobaki na watu wengi ngoma inapokwisha, huo umeshinda. Kwa hiyo kwetu mtazamaji hatazami bure, yeye ndiye mwamuzi, na anaamua kwa miguu. Ukisimama kwangu umenikubali. Ukiondoka umenikataa mchana kweupe, mbele ya wakwe zangu.

Kamati yako ikachukua vyama hivyo viwili, ikaviweka uwanja mmoja, Wagika magharibi na Wagalu mashariki, kisha ikatangaza kwamba hiyo ni burudani ya kupumzika. Ni sawa na kumwalika mtu alale kwenye kizimba cha mahakama.

Na mimi, Ndugu Mwenyekiti, sikuwa na miguu huru siku ile. Manju wa Wagika wa Samuye, yaani mtunzi na mwimbaji wao mkuu, ni Mayala, na Mayala ni kaka yake Mama Loveness. Nimeoa kwenye nyumba ya Wagika. Nimekula ng'ombe wao, wamekula wangu. Siku hiyo mke wangu alitangulia uwanjani tangu asubuhi kuwapikia wachezaji wa kaka yake, akaniaga vizuri, bado tukiwa tunasemeshana.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Neno "bure." Waliosema rahisi ni ghali hawakuwa wamefika kwenye bure. Kama mngeweka kiingilio, hata kidogo tu, ningebaki nyumbani kwa heshima. Ningemwambia Mayala kwamba sina hela, naye angenielewa mara moja, maana huo ndio udhuru pekee ambao shemeji anauheshimu, na yeye anao. Lakini mlipoandika "bure kabisa" mlininyang'anya udhuru. Ngokolo nzima ilijua kwamba sina sababu ya kutokuwepo, na nilipokuwepo wakajua kwamba sina sababu ya kuondoka.

2. Jua. Hema la wageni rasmi mliliweka katikati ya uwanja. Nilipofika mapema, kivuli chake kilikuwa kimelala upande wa Wagika, nami nikaweka kiti changu humo kwa nia njema, karibu kabisa na ngoma ya shemeji. Mayala aliniona, akanipungia usinga. Nikatafuna karanga. Aliimba vizuri, siwezi kusema uongo, ingawa ule wimbo wa bei ya pamba tumekuwa nao tangu Loveness, binti yetu, hajaolewa. Kisha kivuli kikaanza kuondoka. Kikapita chini ya wageni rasmi, kikatokezea upande wa pili, kwa Wagalu. Kamati haiwezi kusema haikujua kwamba alasiri jua huelekea magharibi, jambo hilo linafundishwa darasa la tatu. Mlikiacha kivuli kikahama bila tangazo, kisha mnashangaa watu wakikifuata.

Mimi nilivumilia. Nilivumilia mpaka maji kwenye chupa yakawa ya kuogea. Mwisho nikainuka, nikakigeuza kiti, nikakiweka kichwani, nikazunguka hema. Kosa langu ni hilo moja tu. Mtu akiondoka mikono mitupu watasema amekwenda kujisaidia. Mtu akiondoka na kiti amehama. Na huku kwetu wakimwona mzee anatembea haraka na kiti kichwani, watu humfuata kwanza, wakauliza baadaye. Niliposikia vishindo nyuma yangu nikadhani ni mvua. Kugeuka, nikaona nusu ya mashabiki wa Mayala wananifuata, akina mama na watoto mgongoni, hata mwuza miwa na toroli lake.

3. Kipaza sauti. Mshereheshaji wenu, kijana anaitwa Nasibu, hakunifahamu, nami sikumkosea kitu. Pamoja na hayo alipanda juu ya jukwaa akatangaza, na nadhani Samuye walisikia bila simu: "Watu wameamua. Hata mzee wa kiti chekundu ameamua." Sikuwa nimeamua kitu. Nilikuwa natafuta mahali pa kushusha kiti. Muda si mrefu ngoma ikafungwa, Wagalu wakatangazwa washindi, na mimi nikiwa katikati ya mashabiki wao, nimekaa.

3 tena (naona lalamiko la tatu limezaa). Keshokutwa yake Mayala alikuja nyumbani pamoja na wazee wawili wa Samuye. Nikamletea kiti, akakikataa, akakaa juu ya ndoo. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana habari za mifugo na mvua, halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Shemeji, kile kiti ulikibeba wewe, au ndicho kilichokubeba?" Nikamweleza habari za jua. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo chanzo cha barua hii:

"Kama ni jua, lete karatasi. Kama huna karatasi, mimi nina wimbo."

Ndugu Mwenyekiti, huenda huko kwenu kuimbwa ni heshima, watu wanalipa ili watajwe. Kuimbwa na manju aliyekasirika ni jambo lingine. Kuna mzee mmoja wa Samuye aliimbwa kwa kosa la kujipakulia mara mbili kwenye msiba mmoja. Alishakufa zamani, Mungu amlaze pema. Lakini wajukuu zake hadi leo wakienda msibani hawajazi sahani. Mashindano makubwa ya msimu huu yanakaribia, pamba ikishauzwa tu ngoma zinaanza, na Mayala amenipa muda hadi hapo. Asipoiona karatasi, jina langu na la kiti changu yataimbwa Samuye, yataimbwa Ngokolo, na watoto wa Loveness watakuja kuyaimba shuleni bila kujua kwamba anayeimbwa ni babu yao.

4. Dawa. Wale wazee wawili walikuwa watu wema. Walipoona mambo yamekuwa magumu, walinitengenezea mlango wa kutokea. Walisema inajulikana kwamba manju wengine hutumia dawa ya kuvuta watu, hivyo nikiri tu kwamba Wagalu walinivuta kwa dawa. Nitaonewa huruma, Mayala naye atafurahi kwa sababu hakushindwa kwa wimbo, na kiti kitasafishwa kwa majani fulani. Nilikaribia kukubali. Lakini jioni hiyo hiyo habari zilimfikia Bwana Donatus, mwenyekiti wa jumuiya yetu, akaja na Biblia chini ya kwapa. Akasema hana ugomvi na mimi. Ila kama katibu wa jumuiya anavutika kwa dawa mpaka na kiti chake, basi aikabidhi rejesta na funguo za kabati la vitabu vya nyimbo.

Tazama hali yangu. Nikisema ilikuwa dawa, nimefukuzwa kwenye jumuiya. Nikisema ulikuwa wimbo wao, nimefukuzwa kwenye ukwe. Limebaki jua peke yake. Jua halina chama, halina dhehebu, na shahidi wake ni Kamati yako iliyolikodishia uwanja.

5. Kelele. Hili naliandika kwa uchungu. Nilipofika upande wa kivuli sikuwa na nia ya kusikiliza. Kusikiliza kulinijia. Wagalu wale walitoka upande wa Nkome, ziwani, na manju wao, aitwaye Ngusa, alifungua wimbo mpya. Unajua, au hujui, kwamba nyimbo za mashindano hutungwa kwa siri na kufichwa mpaka siku yenyewe, hivyo hapakuwa na mtu uwanjani aliyewahi kuusikia. Aliuimba Kisukuma. Kwa Kiswahili ni kama hivi:

Nilikwenda Geita kufukua bahati,
nikashuka shimoni, bahati ikabaki juu.
Nimerudi nyumbani, mfukoni vumbi tupu,
mke wangu kafungua mlango, akaniambia…

Na hapo hapo ngoma kubwa ikaingia, vigelegele vikaingia, na mtu wenu wa mitambo akaongeza sauti, basi mstari wa mwisho sikuusikia. Masikio yangu, nimeshasema, nusu yake yako Geita. Niliinama, nikaweka mkono sikioni, wakarudia tena na ngoma ikaingia pale pale. Mimi nilirudi hivyo hivyo, Ndugu Mwenyekiti. Nilirudi kutoka Geita na vumbi, Loveness akiwa anatambaa, na nikasimama nje ya mlango wangu mwenyewe nikiogopa kubisha. Kwa hiyo si haki kumwimbia mtu mzima maisha yake mchana, mbele za watu, halafu mkamfunika jibu kwa ngoma. Mpaka leo, nikiwa nimeinama kuziba pancha, najikuta nauliza: alimwambia nini?

Wanasema nilitikisa kichwa. Nilikuwa nafukuza nzi. Wanasema pia nilivua kofia nikajifuta macho. Uwanja wenu ulikuwa na vumbi jingi, hamkumwagia maji, na hilo lingestahili kuwa lalamiko peke yake.

Lakini ninaposema "wanasema," namaanisha Mama Loveness. Mambo ya kichwa na kofia aliiambia sufuria kwa kirefu, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo. Sasa yeye ameyajuaje? Alikuwa nyuma ya jukwaa la Wagika, magharibi kabisa, anakoroga ugali wa wachezaji, na hema lote la wageni rasmi lilikuwa katikati. Ni dhahiri kwamba kuna mchonganishi alisimama karibu yangu upande wa mashariki, akanichunguza kuanzia kofia hadi viatu, kisha akampelekea mke wangu habari. Naomba Kamati imtafute mtu huyo. Amevunja nyumba ya watu.

Baada ya malalamiko hayo, naomba yafuatayo, na naamini utaona kwamba si makubwa.

Kwanza, cheti. Kiwe na mhuri wa bluu, kieleze kwamba siku ya tamasha jua lilikuwa kali kupita kiasi, na kwamba Bujiku Masele alihamisha mwili tu, moyo wake ukabaki magharibi kwa Wagika. Kisitaje mwavuli. Mwavuli ulikuwepo chini ya kiti, ni kweli, lakini hakuna aliyeuliza maoni yake.

Pili, wekeni kiingilio kwenye burudani ya mchana, ili maskini tupate amani yetu.

Tatu, kwa wale watakaolipa, kila upande uzungushiwe uzio wenye lango moja, na ufunguo akae nao dada wa manju. Aliyeingia kwa shemeji yake asitoke mpaka ngoma ikatike. Maji apitishiwe kwa juu. Akizidiwa na jua, apewe kivuli cha upande huo huo, na kama hakuna, azirai kwa uaminifu.

Nne, na hili nimelifikiria kwa muda mrefu kuliko yote, nyimbo nzuri zipigwe marufuku mchana. Mchana, kwenye burudani ya bure, ziimbwe nyimbo za wastani ambazo mtu anaweza kuzisikia akiwa amekaa. Wimbo wowote ambao unaweza kumwinua mtu mpole kutoka kwenye kiti chake mwenyewe uhifadhiwe kwa maonyesho ya usiku, ambako watu tayari wamesimama. Manju akipanda jukwaani mchana, mjumbe mmoja wa Kamati asiye na mwili wa kusisimka aketi mbele yake. Mjumbe huyo akianza kutikisa kichwa, umeme ukatwe.

Tano, kama hayo yote yanashindikana, basi Kamati ifanye utaratibu jua la alasiri lielekee mashariki, kwa siku hiyo moja.

Nakutakia kazi njema na mavuno mema ya tiketi. Nisalimie wajumbe wote, nisalimie dereva wa lori la spika aliyenisaidia kukishusha kiti, wasalimie akina mama waliowapikia wageni rasmi. Kijana Nasibu mwambie nimemsamehe nusu, nusu nyingine ataipata cheti kikifika. Mwuza miwa nimeshaonana naye, anasema siku ile aliuza vizuri.

Ni mimi, mkaa kimya kwa kulazimishwa,

Bujiku Masele
Mwenye kiti chekundu

Baada ya kusaini:

Ndugu Mwenyekiti, barua ilikuwa tayari kufungwa. Kwa kuwa Mama Loveness hanisemeshi lakini masikio hajanyimwa, nimeisoma kwa sauti hapa sebuleni, yeye akiwa jikoni, ili sufuria ijue nimefikia wapi. Lalamiko la kwanza, kimya. La jua, akakohoa. La Mayala na ndoo, kimya. Nikafika kwenye wimbo. Nikausoma taratibu, kwa Kisukuma, kama ulivyoimbwa, mpaka pale mke anapofungua mlango, nikanyamaza kwa sababu mimi mwisho wangu ndiyo hapo. Na kutoka jikoni ikaja sauti, tena kwa mahadhi yake kamili, na ngoma kwenye mfuniko:

"Miguu imerudi yote miwili? Basi nawa mikono, tule."

Nikaiweka karatasi chini. Wimbo ule uliimbwa siku moja tu, upande mmoja tu. Na mstari ule, kwa ngoma ile, asingeusikia mtu aliyesimama karibu na mimi. Angeusikia aliyesimama mbele yangu, chini kabisa ya kidevu cha Ngusa.

Nikaingia jikoni. Hakugeuka, alikuwa anacheka na mabega. Kumbe ugali wa wachezaji wa kaka yake aliuacha kwa wenzake mapema, akajitanda khanga usoni, akazunguka hema kabla hata mimi sijanyanyuka. Aliniona naja na kiti changu na taifa zima nyuma yangu, akajificha kwenye akina mama wa Nkome. Nilipomuuliza kwa nini basi ameninyima maneno siku zote hizi, amesema hakuninyima kwa hasira. Wimbo ule ulikuwa umemkaa mdomoni, na aliogopa kwamba akinijibu hata habari za chumvi, utatoka.

Amenisahihisha mambo mawili. Kwanza, siku ile niliporudi kutoka Geita hakuniambia maneno mazuri kama yale. Aliniambia nivue viatu nje, ameshadeki. Ndivyo ilivyokuwa, nakumbuka sasa. Lakini chakula nilikikuta kimefunikwa. Pili, anasema mchana ule wa tamasha hapakuwa na jua. Mawingu yalitanda kabla mimi sijabeba kiti, na kivuli kilikuwa uwanja mzima. Mimi sikuyaona hayo mawingu, nilikuwa nasikiliza.

Kwa hiyo naomba cheti kisiandikwe. Mchonganishi amepatikana, msihangaike. Kiingilio msiweke, nyimbo nzuri ziacheni mchana hapo hapo zilipo. Mwakani mtutengee nafasi ya viti viwili mashariki, mbele, karibu na ngoma kubwa, ila mtu wa mitambo ashushe sauti kwenye mstari wa mwisho.

Jumapili baada ya ibada tunakwenda Samuye wote wawili, tumwambie Mayala ukweli. Mama Loveness anasema kaka yake ana haki yake, na akitaka kutuimba atuimbe, maana wimbo wa mtu mmoja unachosha, wa wawili una kiitikio. Kiti chekundu tunakwenda nacho, tumpelekee akikalie yeye.

Naishia hapa. Nimeambiwa ninawe.

B. M.